Ateri ya ini lililopandikizwa imebanwa, lakini mgonjwa ana nguvu: je, angoje?

Mama mmoja wa komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia kuhusu mume wake mwenye umri wa miaka 49. Ini la mume huyo lilikuwa limeharibiwa na hepatiti B, na miezi mitano iliyopita madaktari nchini India walimpandikiza kipande cha ini alichotoa mdogo wake. Amerudi nyumbani, anakula vizuri, ameanza hata kazi nyepesi. Hata hivyo, mwezi uliopita alishikwa na homa mara mbili, homa yenye kutetemesha, na mara zote mbili akapewa dawa za malaria kwenye zahanati ya jirani. Baadaye vipimo vya damu vikaonyesha kwamba transaminasi, yaani vimeng'enya vinavyovuja ini linapoumia, zimepanda kidogo, na ekografia ya Dopla (picha ya mawimbi ya sauti inayopima mwendo wa damu) ikasema kuwa mkondo wa damu katika ateri ya ini, mshipa unaoliletea damu yenye oksijeni nyingi, ni dhaifu, ilhali vena porta, mshipa unaoleta damu kutoka tumboni, inapitisha damu vizuri. Madaktari waliompasua wanamwita arudi ili mshipa huo ufunguliwe kwa puto au kwa stenti (kikapu kidogo cha chuma). Ndugu za mume wanasema mgonjwa ana nguvu, basi angoje hadi parseli ya familia, yaani kiwanja chao, iuzwe. Mmoja wao anasema ini limemkataa, na mwingine anauliza kama hakuna dawa ya kuyeyusha damu ambayo angepewa hapa hapa. Mama anataka kujua nani anasema kweli, na kama shemeji yake aliyetoa ini naye yumo hatarini.

Mama, jibu langu ni kwamba asingoje. Mshipa ambao bado unapitisha damu, hata kwa udhaifu, unaweza kufunguliwa. Ukishaziba kabisa, mengi ya yale yanayowezekana leo hayatawezekana tena. Sababu ya haraka hiyo haionekani usoni mwa mgonjwa, na ndiyo maana ndugu zake wanadanganyika na nguvu zake. Naomba uwasomee maelezo yanayofuata.

Ini hupokea damu kwa njia mbili. Vena porta huleta damu inayotoka tumboni na kwenye wengu, nayo ni kama robo tatu ya damu yote inayoingia kwenye ini. Ateri ya ini huleta robo inayobaki, lakini damu yake imebeba oksijeni nyingi zaidi, kwa hiyo kila njia huchangia karibu nusu ya oksijeni ambayo ini hutumia. Seli za ini zenyewe zinaweza kustahimili upungufu wa ateri, kwa sababu vena porta huendelea kuzilisha. Mirija ya nyongo haina bahati hiyo: hulishwa na ateri peke yake. Kwa mtu ambaye hajapasuliwa, ateri kuu ikibanwa, viko vijishipa vingine vinavyolifikia ini kupitia mishikizo yake na kando ya mrija wa nyongo, navyo hupanuka taratibu na kuchukua kazi hiyo. Ini lililopandikizwa limekatwa kutoka kwenye njia hizo zote, na katika miezi ya kwanza haliwezi kuzitegemea, kwa kuwa nyingine hazijaota na nyingine hazitaota kamwe.

Sasa soma tena ripoti ya mume wako. Maneno «vena porta inapitisha damu vizuri» yanaeleza kwa nini anakula, anatembea na hana manjano. Seli za ini zinashiba. Hayasemi lolote kuhusu mirija ya nyongo. Mirija ikikosa oksijeni, utando wake wa ndani hufa na kubanduka, kisha makovu huifanya iwe myembamba hapa na pale, nyongo hutuama, vijidudu huzaliana humo, na mwishowe hutokea majipu ndani ya ini. Haya yote yanaweza kwenda kwa wiki nyingi bila maumivu, kwa sababu ini jipya halina neva zilizounganishwa za kutoa habari. Mtu hujisikia mzima hadi siku ambayo vijidudu vinaingia kwenye damu, na dalili ya siku hiyo ni homa ya kutetemeka.

Kwa hiyo homa zile mbili zinanisumbua kuliko transaminasi zenyewe. Hapa Katanga kila homa huitwa malaria hadi ithibitike vinginevyo, na sikatai kwamba malaria ipo na kwamba inaweza kumwua mtu anayetumia dawa za kupunguza kinga haraka kuliko mtu mwingine. Lakini uliza zahanati swali moja: je, kulikuwa na tone nene la damu lililotazamwa kwa darubini, au kipimo cha haraka kilichoonyesha malaria? Kama alitibiwa kwa kukisia, au kwa kipimo cha Widal kilichosomwa kuwa «tifoidi kidogo», basi homa hizo bado hazijaelezwa. Widal peke yake haipaswi kuamua matibabu ya mtu yeyote, sembuse mtu mwenye ini la kupandikizwa. Homa nyingine ikija kabla ya safari, aende siku hiyo hiyo kwenye hospitali kubwa yenye maabara. Huko apimwe malaria kikweli, damu ioteshwe kabla ya kupewa antibiotiki, zipimwe transaminasi, bilirubini, fosfatasi alkalini na gama-GT, na Dopla irudiwe. Fosfatasi alkalini na gama-GT zikipanda zaidi kuliko transaminasi, mashaka juu ya mirija ya nyongo huongezeka. Malaria ikionekana, itibiwe, lakini uchunguzi wa ateri usisimame kwa sababu hiyo: mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Kuhusu anayesema ini limemkataa, maneno hayo yanachanganya mambo mawili ambayo matibabu yake yanapingana. Mwili kulikataa ini ni kazi ya kinga, yaani chembe nyeupe za damu kulishambulia ini geni. Huthibitishwa kwa kutoa kipande kidogo cha ini kwa sindano na kukitazama, na hutibiwa kwa kuongeza dawa za kupunguza kinga, mara nyingi kwa dozi kubwa za metilpredinisoloni, ambayo ni steroidi. Kubanwa kwa ateri ni tatizo la bomba. Ukimpa dozi kubwa za steroidi mtu ambaye ini lake lina ateri iliyobanwa na majipu yanayoanza, umevifungulia vijidudu mlango. Ndiyo sababu timu za upandikizaji hutazama mishipa kwa Dopla kwanza kila transaminasi zinapopanda, kisha ndipo hufikiria sindano. Jambo la tatu lisisahaulike kwa mume wako: virusi vya hepatiti B vikirudi navyo hupandisha transaminasi. Kama ameacha tenofoviri au entekaviri, dawa za kuvizuia virusi hivyo, hata kwa wiki chache kwa sababu famasi haikuwa nayo, waambieni madaktari wake bila haya.

Kwa nini mshipa hubanwa? Ateri ya ini ni nyembamba, na katika kipande cha ini kilichotoka kwa mtu aliye hai mara nyingi upana wake ni milimita 2 au 3 tu. Daktari wa upasuaji huiunganisha na ateri ya mgonjwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele, akitazama kwa darubini au kwa miwani ya kukuza. Madaktari wa Kyoto, nchini Japani, ndio waliotoa taarifa ya matumizi ya darubini kwa kazi hii mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo kuziba kwa ateri ndogo kumepungua sana. Bado, pale palipounganishwa hubaki kovu, na kovu huweza kusinyaa. Pengine ateri ilikuwa ndefu mno ikajikunja, au ilijeruhiwa kwa vibanio wakati wa upasuaji. Kuziba kabisa kwa donge la damu katika wiki za kwanza hutokea kwa watu wazima wapatao 3 katika kila 100, na kwa watoto ni kama 8. Kubanwa bila kuziba, ambako ndiko kunakoonekana kwa mume wako, hutajwa kuwa kati ya watu 2 na 13 katika kila 100, kulingana na hospitali na bidii yake ya kutafuta. Si laana, wala si lazima uwe uzembe. Ni hatari inayojulikana, na ndiyo maana wagonjwa hufanyiwa Dopla kila siku au karibu kila siku katika siku za kwanza baada ya kupasuliwa.

Dopla nayo ina mipaka yake. Tazama kwenye ripoti kama imeandikwa kipimo cha upinzani, kwa kawaida kwa herufi IR. Katika ateri yenye afya huwa kati ya 0,55 na 0,80 hivi. Kikiwa chini ya 0,50, na mpigo wa damu ukipanda polepole badala ya kuruka juu kwa ghafla, tunashuku kwamba kuna mbano mahali fulani kabla ya pale tulipopima. Lakini mkono wa anayepima, gesi ya tumbo na ugeni wa ini la kipande vinaweza kudanganya. Uthibitisho hutoka kwenye skana ya mishipa, au kwenye picha inayopigwa rangi ikiwa imeingizwa ndani ya ateri yenyewe. Kwa maoni yangu skana hiyo isifanywe hapa kama safari iko karibu: rangi inayochomwa huchosha figo, figo zake tayari zimebebeshwa takrolimu, dawa yake ya kupunguza kinga, na huko aendako watairudia tu.

Dawa ya kuyeyusha damu haitamsaidia. Dawa hizo huvunja donge bichi la damu, na hatuna ushahidi kwamba ana donge. Kovu haliyeyuki kwa dawa yoyote, ya famasi au ya kuchemshwa. Hata pale donge linapokuwepo, dawa ya kuliyeyusha huingizwa kwa mrija mwembamba ndani ya ateri yenyewe, mbele ya mashine ya picha na pembeni ya chumba cha upasuaji, kwa sababu mtu aliyepasuliwa karibuni anaweza kuvuja damu tumboni hadi kufa. Haifai kutundikwa kwenye dripu mtaani. Aspirini ndogo, ya miligramu 75 hadi 100 kwa siku, ni jambo jingine: timu nyingi huitoa ili donge lisianze. Kama amepewa, asiiache. Kama hakupewa, aulize kabla ya kuanza, hasa kama chembe zake za kugandisha damu bado ni chache kwa sababu ya wengu mkubwa.

Sasa kazi yenyewe. Watapitisha mrija mwembamba kupitia ateri ya kinena, au ya kifundo cha mkono, hadi kwenye ateri inayolisha ini. Mara nyingi ganzi ya mahali hapo hutosha, na mgonjwa hubaki macho. Rangi ikishaonyesha mbano, waya laini hupitishwa katikati yake, juu ya waya huo huletwa puto, na puto hujazwa kwa muda mfupi ili kupanua mshipa, huku heparini ikizuia damu kuganda. Vifaa vingi vinavyotumika vilitengenezwa kwa ajili ya ateri za moyo, kwa kuwa upana unakaribiana. Ikiwa mshipa unarudi kusinyaa mara puto linapoondolewa, au ukuta wake umechanika kidogo, huachwa humo stenti, yaani kikapu kidogo cha chuma kinachoushikilia wazi. Katika hospitali zilizozoea, mshipa hufunguka kwa wagonjwa kama 9 katika kila 10. Wachache, takriban 5 au zaidi kidogo katika kila 100, hupata madhara makubwa: mshipa kupasuka, ukuta wake kugawanyika, au donge kujiunda papo hapo. Kwa hiyo kazi hii ifanyiwe mahali ambapo daktari wa kupandikiza ini yuko tayari kupasua siku hiyo hiyo, hata kama kuna hospitali ya karibu zaidi yenye mashine nzuri ya moyo.

Muda unamsaidia mume wako kwa jambo moja. Katika wiki mbili za kwanza baada ya upandikizaji, mshono bado ni mbichi na puto linaweza kuufungua, hivyo madaktari wengi huchagua kupasua upya. Kwa miezi mitano mshono umeshikana, na puto ndiyo njia ya kwanza. Kama picha itaonyesha kwamba ateri imejikunja kama goti, puto halitanyoosha kitu, na pengine watapendekeza upasuaji wa kukata sehemu hiyo na kuunga tena. Jiandaeni pia kusikia kwamba mbano umerudi: taarifa nyingi hutaja hadi theluthi moja ya wagonjwa, na kazi hurudiwa.

Na kama watakuta ateri imeziba kabisa? Katika siku za kwanza baada ya upandikizaji, hiyo ni dharura inayoishia kwenye kuondoa donge mara moja au kutafuta ini jingine. Nchini Marekani mgonjwa ambaye ateri yake imeziba na ini likashindwa ndani ya siku 7 huwekwa kileleni mwa orodha ya wanaongoja. Katika mwezi wa tano hali hutofautiana. Wapo ambao vijishipa vya pembeni vimeota vya kutosha, nao huishi miaka kwa uangalizi wa karibu. Wengine mirija yao ya nyongo huharibika, wakahitaji kupanuliwa mirija na kuwekewa vipitishio kupitia mdomo, majipu kunyonywa kwa sindano, antibiotiki za muda mrefu, na hatimaye ini la pili. Ini la pili maana yake ni mtoaji wa pili. Waelezeni hilo ndugu wanaongoja bei nzuri ya parseli: gharama ya puto na stenti ni sehemu ndogo tu ya ile ya upandikizaji.

Kuhusu mishipa mingine nitasema machache, kwa sababu ripoti yake haiilaumu. Vena porta ikibanwa, dalili ni maji tumboni, wengu kuvimba na kutapika damu. Vena zinazotoa damu kwenye ini zikibanwa, jambo linaloonekana zaidi kwa waliopewa kipande cha ini, tumbo hujaa na pengine miguu huvimba. Zote hufunguliwa kwa puto na stenti, kwa kupitia ini lenyewe au shingoni. Kuna pia ateri kutoa kifuko kinachoweza kupasuka, mara nyingi kwa sababu ya uambukizo; akitapika damu au kutoa kinyesi cheusi, hata kidogo, hiyo ni safari ya usiku huo huo.

Aende wapi? Chaguo la kwanza ni timu iliyompasua, kwa kuwa inajua ateri ipi iliunganishwa na ipi na kwa mshono gani. Ikiwa viza au nauli ya India inachelewesha, Johannesburg iko karibu nasi zaidi, na Wits Donald Gordon Medical Centre hupandikiza ini kwa wakubwa na kwa watoto. Waandikieni mapema na muwaombe madaktari wa India wazungumze nao moja kwa moja. Vyovyote vile, bebeni ripoti kamili ya upasuaji, picha zote kwenye diski na si karatasi peke yake, vipimo vya damu kwa tarehe zake, kipimo cha takrolimu cha mwisho na kreatinini (kipimo cha figo) ya wiki hiyo. Dawa za siku zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiwe kwenye sanduku. Jambo moja la pembeni ambalo huleta fujo kwenye uwanja wa ndege wa Luano: chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai, na mume wako haruhusiwi kuchanjwa sasa. Kama kadi yake ya njano haina chanjo ya zamani, aombe cheti cha daktari cha kumwondolea wajibu huo kabla ya kusafiri.

Akirudi na stenti, atapewa aspirini kwa muda mrefu, na mara nyingi klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia donge, kwa miezi kadhaa. Asizikatishe kwa sababu ya kung'oa jino bila kuuliza. Asichomwe diklofenaki wala kumeza ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo, maana zikikutana na takrolimu huumiza figo, na zikikutana na aspirini huleta vidonda vya tumbo. Eritromisini, klaritromisini na flukonazoli hupandisha takrolimu hadi kiwango cha sumu. Rifampisini ya kifua kikuu huiteremsha hadi kinga inaamka, na hapo kweli ini litakataliwa. Majani ya kuchemsha nayo yaachwe, hata yale aliyokuwa akiyanywa kabla ya kuugua. Dopla irudiwe kwa ratiba watakayompa, kwa kawaida mara nyingi zaidi katika miezi ya kwanza, na ikiwezekana na mpimaji yule yule, ili namba zilinganishwe kwa haki.

Shemeji yako hana cha kuogopa kutokana na mbano huu. Ateri iliyobanwa ni ya kipande kilichomo mwilini mwa kaka yake. Ini lililobaki kwake linalishwa na mishipa yake mwenyewe, ambayo haikuunganishwa upya, na lilishaota karibu ukubwa wake wa zamani ndani ya miezi michache. Hahitaji aspirini wala puto. Aendelee na vipimo alivyopangiwa kama mtoaji, na akihisi maumivu mapya upande wa kulia, manjano au homa isiyoelezeka, apimwe kwa ajili yake mwenyewe, kwa kuwa wanaotoa ini nao huweza kupata mrija wa nyongo uliosinyaa au ngiri kwenye kovu.